Kusoma Beyond a Boundary ukiwa mtoto wa Bendera

Wandugu, mara ya mwisho niliposema mbele ya wenzetu kwamba mchezo ninaoupenda kuliko yote ni kriketi, mmoja alicheka mpaka akamwaga chai. Simlaumu. Kwetu Bendera, kule kwenye maporomoko ya mto Kyimbi yanayoipa Kalemie umeme, mtoto anajua mchezo mmoja. Ukisema "mupira" hakuna anayekuuliza mupira gani. Kwa hiyo kabla sijafika kwenye kitabu ninachotaka kukiongelea leo, lazima nieleze ugonjwa huu niliupata wapi.

Vita ya 1998 ilipofika kwetu, majirani wengi walivuka ziwa kwenda Kigoma. Sisi tulikuwa na mama mdogo Kampala, baba akaamua tuzunguke mpaka kule. Tulipanga chumba kimoja Naguru, na ukishuka kidogo kutoka Naguru unakuta uwanja wa Lugogo. Nilikuwa na miaka minane. Siku ya kwanza nilisimama kwenye uzio nikaona wanaume waliovaa nguo nyeupe kuanzia shingo hadi viatu, nikadhani ni mabruda wa misheni wanapumzika. Mmoja anakimbia kutoka mbali anarusha kampira kadogo kagumu. Mwingine amesimama na ubao mpana, na nyuma yake kuna vijiti vitatu. Mpira ukiangusha vijiti, mpigaji anatoka. Akiupiga mbali, anakimbia kwenda upande wa pili, na kila safari ni pointi. Njo hivyo tu. Mengine, na ni mengi, niliyajua polepole kupitia matundu ya uzio, kwa miaka mitano.

Mwaka 2003 tulikuwa bado kule Kenya ilipowashangaza watu. Tarehe 24 Februari, Nairobi, Collins Obuya alitoa wapigaji watano wa Sri Lanka kwa pointi 24 tu. New Zealand walikuwa wamekataa kuja Nairobi kwa sababu ya usalama, pointi zao zikaenda kwa Kenya. Kenya ikapita, ikapita tena, mpaka nusu fainali ya Kombe la Dunia, ambako India iliwasimamisha Durban. Steve Tikolo alikuwa kapteni. Watoto wa Naguru tulitembea kama vile Tikolo ni mjomba wetu. Miezi michache baadaye tulirudi nyumbani, mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu na kichwa kimejaa mchezo ambao Bendera nzima hakuna aliyewahi kuusikia.

Sasa kitabu. C.L.R. James alizaliwa Trinidad mwaka 1901. Wengi wetu, kama tunamjua, tunamjua kwa The Black Jacobins, kitabu chake cha 1938 juu ya watumwa wa Haiti waliowashinda Wafaransa. Beyond a Boundary kilitoka London mwaka 1963. Ukiwauliza watu ni kitabu cha nini, mmoja atasema kriketi, mwingine atasema ukoloni, wa tatu atasema ni maisha ya James mwenyewe. Wote wako sawa. Mimi nilikisoma kwa Kiingereza changu cha shule ya Kampala, kwenye simu, usiku, wakati wa kuandika mémoire ya chuo. Mémoire ilichelewa. Sijutii.

Kinaanza na dirisha. Nyumba ya familia yao, mjini Tunapuna, ilikuwa imekaa mahali ambapo mtoto akipanda juu ya kiti anaona mazoezi ya kriketi kila mchana na mechi kila Jumamosi. Juu ya kiti hicho hicho mkono wake ulifika kwenye vitabu vilivyowekwa juu ya kabati. Kurasa za kwanza tu, na mimi nilikuwa nimekwisha kamatwa. Yule ni mimi kwenye uzio wa Lugogo, nilisema, isipokuwa mimi sikuwa na kabati wala vitabu.

Halafu anakuja Matthew Bondman, jirani. Bondman hafanyi kazi, ni mchafu, anatembea bila viatu, ana mdomo wa matusi, na bibi na mashangazi wa James, watu wa kanisa na heshima, hawataki hata kumwona. Lakini akishika ubao, anakuwa mtu mwingine. Anapiga goti moja chini, anafagia mpira, na uwanja mzima unatoa pumzi kwa pamoja. James mtoto anashindwa kuelewa: mtu aliyeharibika hivi anapata wapi uzuri ule? Anasema swali hilo lilikaa naye maisha yote, na kitabu kizima kwa kweli ni jaribio la kulijibu. Kuna sura mbele ambako anabishana na wataalamu wa sanaa, anataka kuthibitisha kwamba kriketi ni sanaa sawa na mchezo wa kuigiza na ngoma, anamleta mpaka mtaalamu wa michoro ya Italia. Nimesoma sura ile mara mbili. Haikunishawishi nusu ya jinsi goti la Bondman lilivyonishawishi kwenye ukurasa mmoja.

Bendera nilikuwa na Bondman wangu. Nitamwita rafiki, basi. Niliporudi nilichonga ubao kutoka kwenye mbao za sanduku, tukafunga mpira wa mifuko na vipande vya tairi, nikawafundisha vijana sheria ninazozikumbuka. Walicheka: "We, hii ni mupira gani ya kupiga na mbao?" Wengi waliacha baada ya wiki. Yeye hakuacha. Hakuwahi kuona mechi ya kweli hata moja, hata kwenye televisheni, lakini ukimrushia mpira alikuwa anaungoja. Mtu anayejua kriketi ataelewa. Sisi wengine tulikuwa tunakwenda kuupiga mpira. Yeye aliuacha ufike karibu kabisa, chini ya macho, ndipo aupige kama mtu mwenye muda mwingi. Sikumfundisha hilo, na hakuna mwingine pale ambaye angeweza.

Mimi nilikuwa mtoto wa kambi ya wafanyakazi, taa ndani, baba ana mshahara. Yeye alikuwa wa kijiji, upande wa giza. Kwenye uwanja haikuonekana. Nilienda Kalemie kumaliza sekondari, halafu chuo. Yeye aliacha shule akiwa mwaka wa pili wa sekondari.

Hapa njo kuna sura ambayo ningetaka kila mtu wa chama chetu aisome, hata kama hatasoma nyingine. James alipomaliza Queen's Royal College, shule ya wateule ya Port of Spain, alitakiwa kuchagua klabu. Na vilabu vya Trinidad wakati ule vilipangwa kama ngazi. Queen's Park ilikuwa ya Wazungu, wenye uwanja na wenye kisiwa. Shamrock ilikuwa ya familia za zamani za Kikatoliki, karibu wote weupe. Maple ilikuwa ya watu wa kati wenye ngozi ya maji ya kunde, ambao walijali rangi kuliko hata pesa. Shannon ilikuwa ya weusi wa tabaka la kati la chini, walimu na makarani, na hao walicheza kana kwamba heshima ya watu wote weusi iko kwenye kila mpira. Huko ndiko alikokuwa Learie Constantine. Stingo ilikuwa ya wachuuzi, mafundi na wasio na kazi.

James alikuwa mweusi. Kwa rangi yake Maple isingemchukua, lakini alikuwa na shule, alikuwa na jina, aliandika vizuri. Walimwalika. Moyo wake ulikuwa Shannon. Aliomba ushauri, akafikiri, akaenda Maple. Na anaandika wazi, bila kujipaka mafuta, kwamba uchaguzi ule ulimtenga na watu wa kawaida na kumchelewesha kisiasa kwa miaka.

Kuna wachambuzi wanaopita haraka hapo wakimbilie kwenye mambo makubwa ya ukoloni. Mimi nadhani kitabu chote kimekaa juu ya uchaguzi ule mmoja. Angalia jinsi ulivyo mdogo. Hakuna aliyemlazimisha. Hakumsaliti mtu kwa polisi wala hakuchukua pesa. Alichagua tu watu wa kucheza nao Jumamosi. Mkoloni hakuhitaji kusimama mlangoni mwa klabu, vijana waliosoma walijipanga wenyewe kwenye ngazi.

Nawaambia sasa kwa nini ukurasa ule uliniamsha usiku. Niliporudi Kalemie na diplome yangu nilikuta timu ya mpira wa miguu ya vijana waliosoma: jezi kamili, mkutano kila mwezi, katibu, kitabu cha dakika. Nikaingia. Wakati huo rafiki alikuwa ameshuka mjini, anabeba magunia bandarini. Siku moja mwenzetu mmoja, aliyemwona akicheza na wavuvi kule ufukoni, alileta jina lake kwenye mkutano. Kukawa kimya. Kisha mtu akasema kwa upole kabisa, wala si kwa dharau: "Lakini tutamwandika kama nani?" Maana kwenye daftari letu kuna safu ya jina, safu ya simu, na safu ya diplome. Watu wakaniangalia, wanajua ni mtu wa kwetu. Nilikuwa na dakika nzima ya kuongea. Niliangalia meza. Tukapita kwenye pointi inayofuata, nadhani ilikuwa bei ya jezi.

Basi mimi na James tuko darasa moja. Tofauti ni kwamba yeye aliandika kitabu.

Na yeye alilipa deni, kwa namna yake. Mwaka 1932 alikwenda Uingereza, akakaa kwa Constantine mji wa Nelson, kule Lancashire, mji wa viwanda vya nguo ambao ulimwajiri Constantine kuchezea timu yao. Constantine wa Shannon ndiye aliyemfungua macho: hakuwa na vitabu vya James lakini alikuwa na hakika ambayo James hakuipata Maple, kwamba hawa Waingereza si bora kuliko sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 James alirudi Trinidad, akawa mhariri wa gazeti la The Nation, akapiga kelele wiki kwa wiki: kwa nini timu ya West Indies, ambayo wachezaji wake wakubwa ni weusi, haijawahi kumpa mtu mweusi ukapteni wa kudumu? Frank Worrell yuko, mpeni Frank Worrell. Walimpa. Msimu wa 1960 na 1961 Worrell aliipeleka timu Australia. Mechi ya kwanza, Brisbane, ilimalizika sare ya pointi kwa pointi, jambo ambalo mpaka siku ile lilikuwa halijawahi kutokea katika historia ya mechi za Test. West Indies walishindwa kwenye jumla, lakini siku ya kuondoka watu wa Melbourne walijaa barabarani kuwaaga. Kitabu kinaishia pale, na hata msomaji asiyejua kriketi anaweza kulia kidogo.

Nimesifu vya kutosha. Kuna mambo mawili yanayonikera.

La kwanza ni imani ya James kwa sheria za shule yake. Queen's Royal College ilimfundisha kwamba unamtii refa hata akikosea, huonyeshi uchungu ukishindwa, huibi pointi. Anakiri, na inachekesha, kwamba wanafunzi hao hao darasani walidanganya na kuigiliziana bila haya, lakini uwanjani kamwe. Anaifuatilia asili ya tabia hiyo mpaka kwa walimu wa Uingereza wa karne ya 19, anampa W.G. Grace na ndevu zake sura nzima nzima, anafika mpaka Ugiriki ya kale. Yule Mmarxi aliyewatetea watumwa wa Haiti, akifika kwenye shule ya Kiingereza anavua kofia. Mimi nauliza: sheria ile ilikuwa nzuri kwa nani? Ukimfundisha mtoto wa koloni asimbishie refa, na refa ni gavana, umemfundisha nini? James analiona swali, analigusa, halafu linaponyoka kwa sababu anaipenda mno ile shule. Msomaji mwenye haraka anaweza kuruka kurasa za Grace, mbingu haitaanguka.

Sisi wa huku tuna mfano wetu. Mwaka 1974, Ujerumani, Zaire inacheza na Brazili. Mpira wa adhabu umewekwa, Wabrazili wanajiandaa kupiga, na Mwepu Ilunga wa Mazembe anatoka kwenye ukuta anaupiga mpira mbali. Dunia ilicheka miaka na miaka: tazama Waafrika, hata sheria hawajui. Mwepu mwenyewe baadaye alieleza kwamba sheria aliijua vizuri, alifanya kwa hasira. Walikuwa wametoka kufungwa 9 na Yugoslavia, ahadi za pesa zimeyeyuka, wakubwa wa serikali wanawatisha. Anayeangalia mpira tu anaona mjinga. Kwa kumsoma Mwepu, James angekuwa mwalimu bora kabisa, maana kitabu chake kizima kinasema usiuangalie mpira peke yake. Lakini sheria yake ya Queen's Royal College ingempa Mwepu kadi.

La pili ni Judith. Alikuwa shangazi yake, mwanamke wa kazi na sala, aliyemlea. Siku moja kulikuwa na mechi, wageni wakaja, akapika, akatengeneza kila kitu, akahakikisha wachezaji wameshiba. Halafu akasema hajisikii vizuri. Akakaa, akafa. James anaisimulia kwa aya fupi, kwa heshima, kisha anaendelea na Grace wake. Nilifunga simu pale. Katika kitabu kinachouliza nani analipia uzuri wa kriketi, mwanamke anakufa akitoka kuwapikia wachezaji, na mwandishi haulizi. Mama yangu mdogo Naguru alikuwa anauza chapati nje ya Lugogo siku za mechi. Miaka mitano. Hakuwahi kuangalia hata mpira mmoja, kwa sababu mgongo wake ulikuwa upande wa uwanja na uso wake kwenye kikaango. Sidhani kama niliwahi kuliona hilo kabla ya kumsoma Judith, kwa hiyo labda James alifanya kazi yake bila kukusudia.

Kuna wanaosema kitabu hiki kimezeeka kwa sababu ramani ya kriketi ni ramani ya Waingereza, na sisi ramani yetu ilichorwa na Wabelgiji. Ng'ambo ya ziwa walicheza, upande wetu mapadri walileta mpira wa miguu. Mazembe yenyewe ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1939. Ni kweli. Lakini Rwanda nayo ilikuwa chini ya Wabelgiji, na waliorudi kutoka Uganda baada ya 1994 walirudi na kriketi mkononi kama mimi na ubao wangu wa sanduku. Mwaka 2016 kapteni wao Eric Dusingizimana alipiga mipira saa 51 mfululizo ili ichangwe pesa ya kujenga uwanja. Uwanja wa Gahanga ukafunguliwa mwaka uliofuata. Januari 2023 wasichana wao wa chini ya miaka 19 waliwafunga West Indies kwenye Kombe la Dunia. West Indies ya Worrell! James angehitaji sura nyingine.

Na Juni 2024, Kalemie, saa saba na nusu usiku, nilikuwa macho na simu mkononi. Uganda ilikuwa Guyana, Kombe la Dunia lake la kwanza la mechi fupi, dhidi ya Papua New Guinea. Frank Nsubuga, miaka 43, mtu wa uwanja ule wa Lugogo, alirusha mipira 24 akatoa pointi 4 tu na wapigaji wawili. Papua walimaliza na 77, Uganda wakafika 78. Siku tatu baadaye West Indies waliwatoa wote kwa 39, lakini hiyo ni habari nyingine. Nilimpigia rafiki saa ile ile. Alikuwa bandarini, mashua inapakuliwa. Nilimweleza mpira kwa mpira, yeye anauliza tu: "Aliungoja? Aliuacha ukuye?"

Wiki iliyofuata nilimsomea kurasa za Bondman, natafsiri huku nasoma, tumekaa juu ya magunia. Alisikiliza mpaka mwisho. Alipenda lile goti, alisimama akalijaribu. Halafu akauliza: "Na ule Bondman, yeye mwenyewe alisema nini?"

Nilirudi kwenye kitabu. James anatuambia Bondman alikuwa na mdomo mchafu, lakini hatumsikii akijieleza hata mara moja. Anaonekana kutoka dirishani, anapiga, anapotea. Nilimwambia rafiki ukweli, kwamba hasemi kitu. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama ile timu yetu bado inatafuta mtu wa nyuma.

Mkutano ni Jumamosi. Nimemwomba katibu aandike jina langu kwenye orodha ya wasemaji.